Ustadi wa Yusuf Khan, Aliyeitwa Dilip Kumar

Wako wadhanio ya kuwa mchezaji wa sinema hawezi kuhukumiwa ila na yule afahamuye lugha anayoinena. Mimi, niliyekulia Kamango katika nchi ya Watalinga, chini ya Ruwenzori, ambako Kihindi hakisemwi na mtu, na ambako filamu za Bombay aghalabu hufika zikiwa zimefunikwa na sauti ya mfasiri wa Kampala au wa Dar es Salaam, nashika rai nyingine kabisa. Sikio likisha kunyimwa maana, jicho huwa ndilo kadhi, tena kadhi mkali, kwa kuwa halihadaiki na ufasaha wa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine. Hutazama mkono unavyokiacha kikombe, shingo inavyogeuka, pumzi inavyozuiliwa, na katika mambo madogo kama hayo likapata ushahidi wake. Mbele ya kadhi huyo wachezaji wengi mashuhuri huonekana watupu. Muhammad Yusuf Khan, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Dilip Kumar, husimama na kushinda; na sababu ya ushindi wake ndiyo nitakayo kuieleza, maana naiona kuwa ni fani iliyotimia, nayo haijapata kwetu sisi watu wa bara sifa inayoistahili.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1922 katika mji wa Peshawar, karibu na soko la Qissa Khwani, ambako tangu zama za misafara wasimulizi walikuwa wakiwakusanya wasafiri jioni na kuwastarehesha kwa hadithi. Baba yake, Ghulam Sarwar, alikuwa mfanyabiashara wa matunda, mtu wa heshima na wa amri nyumbani mwake, aliyeihamishia jamaa yake upande wa Bombay na Deolali. Mzee huyo aliidharau kazi ya maigizo hata akawa akimsimanga rafiki yake, Basheshwarnath Kapoor, kwa kuwa mwanawe Prithviraj alikuwa mchezaji. Wafanyabiashara wetu wa Butembo watamwelewa mzee yule bila ya maelezo marefu. Yusuf alipotofautiana naye alikwenda Pune, akapata kazi katika kantini ya askari, akauza mikate iliyotiwa vitoweo. Kisha akarudi, na kabla ya kutimiza miaka ishirini na miwili akawa amekwisha pokewa na Devika Rani, bibi aliyeiongoza kampuni ya Bombay Talkies, ambaye ndiye aliyeshauri jina jipya. Jina lile lilimfaa kijana, kwa sababu lilimsitiri na macho ya baba. Filamu yake ya kwanza, Jwar Bhata ya mwaka 1944, haikumpa sifa yoyote.

Wakati ule mchezo wa sinema ya Kihindi ulikuwa bado chini ya desturi za tamthilia za Kiparsi, ambazo zilimlazimu mchezaji kuinadi huzuni yake hata imfikie mtu wa safu ya mwisho. Na kipaza sauti kilipokuja, wengi waliendelea kunadi kana kwamba hakipo. Ashok Kumar, aliyekuwa mkubwa wake pale studioni, alimnasihi asitende jambo mbele ya kamera ila lile ambalo mtu angelitenda kwa kweli katika hali ile. Nasaha hiyo ni nyepesi kusemwa, na walioisikia ni wengi. Aliyeifanyia kazi maisha yake yote ni huyu. Alipunguza. Aliteremsha sauti mpaka ikakaribia kuwa mnong'ono, akaweka vituo mahali ambapo mwandishi hakuviweka, na penye msiba aliweza kumpa mtazamaji mgongo badala ya machozi. Mtazameni katika Devdas ya Bimal Roy, iliyotoka mwaka 1955, ambamo anamcheza mtu aliyeangamizwa na pombe. Wachezaji wengi wakitakiwa kulewa huyumbisha mwili mzima; yeye hujitahidi kusimama wima, hupima hatua yake, huinua kope kwa taabu, kwa maana mlevi hutaka asijulikane kuwa amelewa, na juhudi ile ya kuficha ndiyo inayomfichua.

Kazi ya namna hii ina gharama. Miaka ya mwanzo alicheza watu wa simanzi mmoja baada ya mwingine, katika Andaz, katika Deedar, na kila mmoja alimwingia nafsini kiasi cha kumwondolea raha ya maisha, hata akaenda London kuonana na tabibu wa maradhi ya roho, naye akamshauri atafute filamu za furaha. Alitii, akacheza Azaad, na baadaye Kohinoor, ambayo kwa ajili yake alikaa chini akajifunza kupiga sitar, ilhali angeweza kuzichezesha chezesha nyuzi tu na kuuachia muziki wa mafundi, kama desturi ilivyoruhusu. Vidole vyake havisemi uongo katika wimbo ule. Kadhalika katika Ganga Jumna ya mwaka 1961 yeye, Mpathani wa Peshawar, alisema Kiawadhi cha wakulima wa bonde la Ganga, akakisema kwa namna iliyowaridhisha wenyewe. Na tangu mwaka 1944 hata mwaka 1998 alipotoka katika Qila, filamu zake ni kama sitini tu, katika mji ambao wenziwe walizicheza kwa mamia. Alizikataa nyingi, alitaka kumjua mtu mmoja kwanza, amshibe, ndipo amwendee mwingine.

Hapana mahali ustadi wake ulipowekwa zaidi katika mizani kuliko katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, filamu iliyochukua zaidi ya miaka kumi kutengenezwa na kutolewa tarehe 5 Agosti 1960. Humo anamcheza Shahzada Salim, aliyempenda mjakazi Anarkali na kwa ajili hiyo akapigana na baba yake, Sultani Akbar. Na Akbar yule alichezwa na nani, ila Prithviraj Kapoor, yule yule ambaye Mzee Ghulam Sarwar alikuwa akimsimanga babaye kwa ajili yake! Prithviraj alikuwa simba wa jukwaa la zamani. Sauti yake yatikisa nguzo za kasri. Mwingine angeshindana naye kwa ukelele. Salim hujibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kata shauri, mwili wake hausogei, na kadiri Sultani anavyonguruma ndivyo mwana anavyozidi kuwa mkubwa machoni petu. Kisha kuna ile shani ya usiku bustanini, wakati Salim anapompitishia Anarkali unyoya mweupe usoni, polepole, pasipo neno, na kwa mbali ustadi Bade Ghulam Ali Khan akiimba. Madhubala aliyemcheza Anarkali alikuwa amewahi kuwa kipenzi chake kwa kweli. Lakini mapenzi yao yalikwisha vunjika, na mwaka 1957 walikabiliana mahakamani kwa sababu ya mkataba wa filamu ya Naya Daur, hata ikafika wakati wa kupiga picha wasisemezane. Mimi sijui sanaa nyingine inayomtaka mtu jambo zito kuliko hilo: kuufikisha uso wake karibu na uso wa mtu aliyeachana naye kwa uchungu, na kumpa mtazamaji mahaba safi, yasiyochanganyika na chembe ya kisa chao wenyewe.

Hiyo Naya Daur iliyowapeleka mahakamani ni hadithi ya kijana mwenye gari la farasi, ambaye riziki yake na ya wenziwe yatishwa na basi lililoletwa na mwana wa tajiri, hata wakaafikiana kushindana mbio. Mtu aliyewaona vijana wa Butembo wakiteremka mlimani na chukudu, baiskeli zile za mbao, zilizosheheni viazi, huku malori yakiwapigia honi nyuma, hana haja ya mfasiri wa filamu hiyo.

Pwani walimjua mapema kuliko sisi. Zama zake zilikuwa ndizo zama za Majestic na Sultana kule Unguja, za Avalon na Empress kule Dar es Salaam, za Regal kule Mombasa, na nyimbo za filamu za Kihindi ziliingia katika taarabu mpaka Juma Bhalo wa Mombasa akajijengea jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo hizo. Kwetu huku, ng'ambo ya Semliki, filamu zilikuja kwa kanda na baadaye kwa kadi za simu, zikatazamwa kwa jenereta, na mashabiki hutaja zaidi majina ya vijana. Si ajabu, lakini ni hasara.

Maana iko filamu moja ya uzee wake ambayo nchi ya Beni ingeipokea kwa namna isiyowezekana kwa watu wa mahali pengi. Ni Shakti ya Ramesh Sippy, iliyotoka mwaka 1982. Yeye ni afisa mkubwa wa polisi. Mwanawe mdogo ametekwa na majambazi, nao wapiga simu, wamwachilie mwenzao la sivyo mtoto atauawa. Baba akataa kuihini kazi yake, na mtoto asikia jibu lile; akikua, kwa sura ya Amitabh Bachchan, ana kinyongo naye. Katika eneo letu, ambako mwezi wa Julai 2013 waasi waliivamia Kamango na makumi ya maelfu wakavuka mpaka kwenda Bundibugyo, ziko nyumba nyingi zilizongoja habari za mtu aliyetekwa, nasi twaujua uso wa mzazi wa namna hiyo kwa yakini. Twajua ya kuwa halii. Nilipomtazama Dilip Kumar na simu ile sikioni, taya likikazwa, macho yakitafuta ukutani kitu cha kushika, nilimtambua mara moja, na niliona haya kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani kwa wafiwa bila hodi. Kwa mchezo ule alipewa tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora, ya nane maishani mwake. Ya kwanza aliipata mwaka 1954, tuzo hizo zilipoanzishwa. Alifariki dunia Mumbai tarehe 7 Julai 2021, akiwa na miaka tisini na minane.

Vijana wa Beni na Butembo ambao siku hizi hutengeneza michezo kwa kamera za simu, na ambao wengi wao hulia kwa sauti kuu kila penye msiba, nawasihi waitafute Shakti, wazime sauti, wazitazame dakika zile za simu mpaka mwisho. Kisha wazitazame tena, na safari hii waache kutazama uso, watazame mkono ulioshika simu.