Kitufe cha "Exporter" na flashi ya watu wote

Wandugu, kila mwaka wa masomo ukiisha swali linarudi lile lile: kompyuta ni ya kaka, ao ya biro mulimopigisha TFC, na sasa unaenda zako; yale maneno ya siri yaliyobaki ndani ya Chrome utayatoa namna gani? Jibu linalozunguka ni fupi: bonyeza "Exporter", weka kwenye flashi, basi. Mimi jibu hilo nalikataa.

Kwanza haki yake. Ni vizuri kitufe kiwepo. Neno la siri la email si kitu kidogo: kwa email hiyo unapokea majibu ya bursi, unafungua Facebook, unajaza fomu za kazi. Na Chrome kwenye Windows inayafunga maneno hayo kwa ufunguo wa mtumiaji wa masini ile ile. Ukikopi tu faili zake na kuzipeleka kwenye masini ingine, hayafunguki.

Lakini angalia kinachotoka. Ni faili ya CSV, maandiko matupu. Ifungue na Excel, ao hata na Bloc-notes: jina la tovuti, anwani, jina la mtumiaji, neno la siri, mstari kwa mstari, kama orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Hakuna kufuli. Chrome inakuonya kidogo, kisha inakuachilia. Mtaniambia inaomba kwanza neno la siri la Windows. Sawa, lakini masini ya kutumiwa na watu kumi mara nyingi haina neno la siri hata moja, na hapo haiombi kitu. Aliyetengeneza kitufe hiki aliwaza mtu mmoja, meza moja, mlango unaofungwa. Hakuwaza flashi inayopanda mto toka Isangi mpaka Kisangani, zaidi ya kilometa 100, na kila inaposimama inaingia kwenye masini ingine ili watu wakopi muziki.

Na usiseme "nitaifuta". Kufuta hakuondoi maandiko yenyewe mara moja. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuyarudisha.

Firefox iko na ugonjwa mwingine. Maneno yanakaa ndani ya faili mbili, logins.json na key4.db. Ukizikopi zote mbili pamoja, zinafunguka kwenye masini ingine. Rahisi kwako, rahisi pia kwa kijana wa biro. Dawa iko, ni neno la siri kuu, lakini Mozilla imeiacha iwe ya hiari, ndani kabisa ya mipangilio, pahali wengi hawafiki. Kwangu njo kosa lake kubwa.

Kuna watakaosema: ingia na konti ya Google, vitu vyote vitakufuata vyenyewe. Kinshasa pengine. Huku, siku mega zimeisha ao rezo imekatika, SMS ya kuhakikisha haifiki, na bila ile namba unabaki mlangoni.

Kwa mimi, ya kusifiwa ni KeePassXC. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, iko na Kifaransa, inapokea ile CSV na kuifunga ndani ya faili moja ya .kdbx ambayo mtu akiiokota haoni kitu. Mwanzoni sura yake inachosha, tuseme ukweli. Na ukisahau neno lake kuu, hakuna wa kumlilia, hata walioitengeneza hawawezi kukufungulia.

Basi CSV isiguse flashi hata dakika moja. Itoe, iingize kwenye KeePassXC pale pale, ifute mpaka kwenye pipa la taka la Windows, halafu kopi .kdbx kwenye flashi mbili, moja ibaki nyumbani kwa mama. Kama masini si yako, futa pia yaliyobaki ndani ya Chrome. Na kwa kuwa alama ya CSV inaweza kubaki kwenye diski ya wenyewe, ukifika badilisha neno la email kwanza, mengine yafuate.