Neno "line" na Maana Zake katika Kiswahili

Wapo wafasiri wadhanio kwamba neno la Kiingereza "line" limekwisha kupata mwenziwe katika Kiswahili, naye ni "mstari". Dhana hiyo ina kasoro. Mstari, neno lenye asili ya Kiarabu, ni alama ichorwayo au maneno yaandikwayo kwa mfuatano. Na watoto wa shule nao hupanga mstari. Lakini mvuvi hatupi mstari baharini, hutupa mshipi. Nguo hazianikwi mstarini, bali kambani. Atajaye wazee wake hutaja nasaba. Askari wa vita hupangwa safu; na wangojao zamu hupanga foleni, neno lililozaliwa na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari.

Kiingereza hutosheka na umbo la urefu, la kweli au la mfano. Kiswahili huuliza kitu hicho chafanya kazi gani.

Tatizo kubwa zaidi ni "laini", lililoingia kwa milango miwili. La kwanza ni sifa, kutoka Kiarabu: kitambaa laini. La pili ni jina, kutoka Kiingereza: laini ya simu, na siku hizi hata kadi itiwayo katika simu ya mkononi. Asemaye "laini imekatika" hasemi habari ya ulaini. Kamusi ikiyaweka yote mawili mahali pamoja, humwonyesha mwanafunzi udugu usiokuwapo. Hapana budi yaandikwe mbali mbali; na mfasiri aanze na kazi ya kitu, si na umbo la neno la kigeni.