"Licha ya Upofu Wake": Lugha ya Sifa katika Uhakiki wa Wasanii Wenye Ulemavu, kwa Kurejelea Dodoma na Nyanda za Kati za Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuwasifu wasanii wenye ulemavu nchini Tanzania. Yanadai kuwa sifa nyingi hujengwa juu ya muundo wa ukinzani, yaani "licha ya", ambao humwinua msanii na papo hapo huifukia sanaa yake. Kwa kurejelea methali, ngeli za majina, ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, muziki wa Wagogo na elimu ya wasioona Buigiri, makala yanapendekeza kuwa ulemavu usomwe kama sehemu ya umbo la kazi ya sanaa, wala si kikwazo ambacho kazi hiyo imekiruka.

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliitambua saa ya taarifa ya habari kwa mlio wa ngoma. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa asiyeona, naye alisifika kwa kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Huenda hakuna msanii wa Tanzania aliyesikika na watu wengi zaidi yake. Hata hivyo, anapotajwa, sentensi ya kwanza huwa karibu ileile: alikuwa hodari licha ya upofu wake. Sentensi ya pili, ambayo ingeeleza ngoma zenyewe, mara nyingi haifiki.

Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa. Tanzania ina historia ya wasanii wenye ulemavu, lakini bado haina uhakiki wa sanaa yao. Kinachoitwa uhakiki ni pongezi, na pongezi haziwezi kubeba uzito wa hukumu ya kisanaa.

2. Jina na Upatanisho

Mjadala wa istilahi umekwisha kupiga hatua. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatanguliza mtu kabla ya hali yake, na neno "zeruzeru" limeachia nafasi "mtu mwenye ualbino" katika matumizi rasmi. Hoja inayorudiwa ni kwamba majina kama kipofu, kiziwi, kiwete na kibyongo yamo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu, na kwa hiyo yanamshusha binadamu.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kijana na kiongozi wamo katika umbo hilohilo, wala hakuna anayedai kuwa wameshushwa. Zaidi ya hayo, upatanisho wa kisarufi huwarejesha wote katika ngeli ya viumbe hai: husemwa "kiziwi amefika", wala si "kiziwi kimefika". Dharau huanza pale msemaji anapochagua kwa makusudi upatanisho wa kitu. Kwa maneno mengine, kiambishi cha jina ni urithi, ilhali upatanisho ni uamuzi wa msemaji.

Wahusika wenyewe hawakubaliani juu ya jambo hili, na kutokubaliana huko kuna maana. Chama cha Viziwi Tanzania kimelihifadhi jina la KI-VI bila haya, kwa kuwa kwa wanachama wake uziwi unahusu pia umiliki wa lugha, Lugha ya Alama ya Tanzania. Chama cha Wasioona Tanzania, kwa upande wake, kimejiita kwa kirejeshi cha kukanusha. Mhakiki anayelazimisha istilahi moja kwa wote hufuta historia mbili tofauti za kujitaja.

3. Methali na Msikilizaji Wake

Methali "Hujafa hujaumbika" hutumiwa kumwonya anayemcheka mwenye ulemavu. Ni methali ya huruma, lakini nafsi yake inafichua jambo. Anayesemeshwa, katika nafsi ya pili umoja, ni yule asiye na ulemavu. Mwenye ulemavu hasemeshwi. Amekuwa mfano unaooneshwa kwa kidole. Methali inamlinda kwa kumgeuza kuwa onyo.

Fasihi andishi imerithi mkao huo mara nyingi. Kipofu huingia katika hadithi ili aone kile ambacho wenye macho hawakioni; kiwete huingia ili jamii ipimwe utu wake. Akishatimiza kazi hiyo ya kijazanda, hutoka, bila kuulizwa anapenda nini wala anachekeshwa na nini.

Hata hivyo methali hiyo ina usomaji mwingine. Kiambishi -ja- kinaeleza tendo ambalo bado halijakamilika, na kauli ya kutendeka katika "umbika" inaonesha kuwa kuumbwa ni mchakato unaoendelea hadi kifo. Kwa usomaji huu, hakuna mwili uliokamilika ambao mwingine unaweza kupimwa kwao. Usomaji huu unatoka ndani ya Kiswahili chenyewe, nao unatosha kuwa msingi wa uhakiki ulio bora kuliko pongezi.

4. Ngoma, Mkono na Sikio

Muundo wa "licha ya" huweka ulemavu upande mmoja na sanaa upande mwingine, kisha hushangaa kuviona pamoja. Turejee kwa Mzee Morris. Mtu mmoja anapopiga ngoma nyingi, urefu wa mkono ndio unaoamua kila ngoma ikae wapi. Nafasi baina ya ngoma lazima ikaririwe na mwili, na tofauti za sauti ndizo zinazomjulisha mpigaji yuko wapi. Huo ni mpangilio wa mguso na usikivu. Swali la kihakiki, kwa hiyo, linahusu namna kutoona kulivyoshiriki katika kuupanga mtindo huo. Tena redio ilimfikisha kwa hadhira ambayo nayo haikumwona. Katika dakika ile ya kungoja habari, msanii na wasikilizaji wake walikuwa katika hali moja.

Katika Ugogo swali hilo linapata sura nyingine. Wilaya ya Kongwa imejulikana kwa muda mrefu katika utafiti wa vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaostawi penye vumbi, uhaba wa maji na nzi. Upofu utokanao na vikope huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na watoto wadogo ambao hubeba maambukizi. Wanawake haohao ndio wapigaji wa muheme, ngoma inayobanwa baina ya mapaja, na ni nguzo ya uimbaji wa Wagogo wa sauti nyingi ambamo kila mwimbaji huingia kwa kusikiliza sauti za wenzake.

Haya mawili hayajazoeleka kusomwa pamoja. Tafiti za vikope huhesabu macho. Tafiti za muziki wa Wagogo, ambao Hukwe Zawose aliufikisha katika majukwaa ya kimataifa, huchambua zeze, ilimba na skeli. Lakini katika sanaa ambayo maarifa yake yamo katika sikio na paja, mwanamke anayepoteza nuru ya macho uzeeni hapotezi ngoma. Anachoweza kupoteza ni njia ya kufika uwanjani na mtu wa kumshika mkono. Kizuizi kiko katika mpangilio wa jamii, na uhakiki wa ngoma usiotazama njia ya kuiendea umeacha nusu ya muktadha.

5. Kitabu, Nukta Nundu na Jukwaa

Mkoa wa Dodoma una sababu ya pekee ya kuongoza mjadala huu. Shule ya wasioona ya Buigiri ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Tangu hapo wako wasomaji wa Kiswahili ambao ushairi huwafikia kwa ncha za vidole. Katika maandishi ya nukta nundu kitabu kimoja huweza kuwa majuzuu kadhaa, na ubeti ambao jicho huuona mara moja hufuatwa mstari kwa mstari. Kina hapo hutambuliwa kwa sikio la ndani na kwa kidole, kabla ya kuwa pambo la ukurasa. Nadharia ya umbo la shairi inayotegemea mpangilio unaoonekana inahitaji kupimwa upya kwa wasomaji hawa.

Nje ya nchi ipo mifano ya kujifunza. Nchini Australia, kundi la Back to Back Theatre la Geelong, lililoanza mwaka 1987, limejengwa juu ya waigizaji wenye ulemavu ambao pia ni watunzi, nalo lilipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen mwaka 2022. Huko waigizaji ndio wanaoihoji hadhira. Katika Afrika Mashariki, mwaka 2017 wanamuziki wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, chini ya jina la Tanzania Albinism Collective, walitoa albamu iliyosikika kimataifa. Kuieleza kwa mateso pekee, bila kuchambua sauti na tungo, ni kurudia "licha ya" kwa sura mpya. Aliyeteswa anastahili haki. Aliyetunga anastahili, pamoja na haki hiyo, kusikilizwa kama mtunzi. Hiyo ni pamoja na kuambiwa pale utunzi unapolegea.

6. Hitimisho

Kubadili istilahi ni kazi iliyoanza vyema, lakini haitoshi. Sentensi inaweza kutumia maneno yote yaliyoidhinishwa na bado ikamwacha msanii nje ya sanaa yake. Kinachopendekezwa ni mabadiliko ya sarufi ya sifa: kiunganishi cha ukinzani kipishe uchambuzi wa namna. Mzee Morris alipiga vipi? Muheme unajulikana kwa kiungo gani? Ubeti unasomekaje kwa kidole? Maswali haya yanaweza kujibiwa, na majibu yake yatamweka msanii mwenye ulemavu panapomstahili, yaani mbele ya mhakiki anayemsikiliza kwa makini na kumhukumu kwa haki.