Mayhew na Bibi Asiye na Jina

Nimeisoma tena *London Labour and the London Poor* ya Henry Mayhew, safari hii nikimfikiria msomaji mmoja tu: Mwingereza wa leo anayetafuta habari za bibi wa bibi yake.

Sensa ya 1851 itampa jina, umri, kazi na mahali bibi alipozaliwa. Kama aliishia kwenye nyumba ya kazi ya maskini na daftari lake likasalia, atapata pia siku aliyoingia na siku aliyotoka. Tangu sheria ya 1834, nyumba hizo zilifanywa ngumu makusudi ili watu waogope kuomba msaada. Mume alitengwa na mkewe, watoto na wazazi wao. Bibi mwenyewe alionaje? Daftari halisemi.

Mayhew ndiye anayesema. Alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1849 alianza kuandika kuhusu maskini wa London katika *Morning Chronicle*, akiwauliza wanapata kiasi gani na wanakula nini. Ndipo tunakutana na waokota mavi ya mbwa. Usicheke. Viwanda vya ngozi vya Bermondsey viliyanunua kwa ajili ya kulainishia ngozi, ndoo moja peni 8 hadi 10. Mmoja wa waokotaji hao ni bibi kizee aliyewahi kuishi vizuri. Mgongo umepinda, chakula ni cha kubahatisha, lakini nyumba ya kazi haitaki kabisa: amezoea hewa ya nje, na heri afie barabarani. Kurasa zake ni chache, nami sijazisahau.

Ila jina lake halimo. Jack Black, mkamata panya aliyejinadi kuwa wa Malkia Victoria, analo jina, picha, na mkanda wa ngozi wenye sanamu za panya. Aliyekuwa na biashara ya kutangaza alitajwa. Bibi akabaki "mwanamke mzee".

Hata sauti yake tusiichukue nzima nzima. Mayhew aliyaondoa maswali yake mwenyewe, majibu yakasomeka kama hadithi iliyotoka yenyewe. Tena aliwapanga watu mafungu matatu: wanaofanya kazi, wasioweza, wasiotaka. Bibi huyu umweke wapi? Mwili umechoka, kazi anafanya, msaada anaukataa. Kitabu kinashinda pale anapoyavuruga mafungu ya mwandishi wake.

Basi inawezekana kilembwe wake ameshazisoma kurasa hizo, akazihurumia, akafunga kitabu na kurudi kwenye sensa kumtafuta bibi yuleyule.

Hapo ndipo kitabu kilinichoma. Mayhew ni mwenzangu wa kazi. Nami nimeandika mara ngapi gazetini, "mama mmoja muuza mboga alisema", halafu nikaenda zangu kula chakula cha mchana?