Mchezo Usio na Jukwaa: Maigizo katika Mafunzo ya Walimu wa Chekechea, Sotik

Neno "mchezo" katika Kiswahili huwataja watoto wanaocheza uani, na pia huwataja waigizaji walio jukwaani. Katika kuwaandaa walimu wa chekechea, maana ya pili imekuwa ikiimeza ya kwanza.

Chanzo si siri. Tamasha la maigizo la shule na vyuo vya Kenya, lililoanza mwaka 1959, limewalea walimu wengi. Humo mchezo hukaririwa, hupimwa na waamuzi, nao hushinda au hushindwa. Mwalimu aliyelelewa hivyo, akikabidhiwa watoto wa miaka minne, aghalabu huwapanga mstari akawakaririsha. Brian Way, katika Development through Drama (1967), alikwisha kupambanua kwamba maonyesho huitazama hadhira, ilhali uigizaji wa mtoto ni tajriba ya mtoto mwenyewe.

Sotik yalidhihirisha jambo hili. Ni mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii, na mashamba ya chai yamewavuta watu wa lugha nyingine pia. Watoto wakicheza kituo cha kununulia chai, mmoja huwa karani wa mizani, wengine wachumaji wenye vikapu mgongoni. Hubishana juu ya kilo, huhesabu, hunung'unika kwamba majani yamekataliwa. Hesabu imo, na lugha imo: mchumaji huweza kulalamika kwa lugha ya mamaye, karani akajibu kwa Kiswahili. Mwalimu akiingia kama mchumaji aliyechelewa, akauliza kama kilo zake zimeandikwa, hufundisha bila kuuvunja mchezo. Ustadi huo haupatikani kwa kukariri maneno ya mwingine.

Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Lakini lugha ya eneo ni ipi kwenye kambi ya wachuma chai? Watoto hulitatua swali hilo wachezapo. Mkufunzi adaiye igizo "safi" la Kiingereza hulizima (na kikombe huenda akakipata).

Mpango wa DICECE, ulioanza 1985, uliwafunza walimu wakiwa kazini: likizo mafunzoni, muhula darasani. Mwalimu aliweza kuja na mchezo aliouona kwa watoto wake, ukachambuliwa, akarudi nao. Hilo lafaa kurejeshwa, na mtihani wa somo hili ufanyike sakafuni, mwanafunzi akiwa katikati ya watoto na mtahini amekaa kando, kimya.