Moyo Unaoambiwa: Ikhlasi katika Al-Inkishafi

Tungo za mawaidha ni nyingi katika fasihi ya pwani yetu, na maudhui yake takriban ni mamoja: dunia haidumu, mauti hayana miadi, kaburi linangoja, na baada ya kaburi kuna hisabu. Mtunzi hana jipya la kuongeza katika hayo, wala hatakiwi kuliongeza. Iweje basi utungo mmoja umtikise msomaji, na wa pili, wenye maneno hayo hayo na vina vilivyopangika vizuri zaidi, upite sikioni kama upepo? Jibu jepesi ni kusema kwamba wa kwanza umetungwa kwa ikhlasi. Lakini ikhlasi ni siri baina ya mja na Mola wake, na mhakiki hakupewa mizani ya kupimia nia za watu. Alichopewa ni maneno yaliyo mbele yake. Katika makala haya nakusudia kuyatazama maneno ya utenzi mmoja, Al-Inkishafi, na kuuliza ule ukweli wa mtunzi tunaouhisi tunapousoma umo katika kitu gani.

Utenzi huu ni wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abubakar bin Salim. Hukadiriwa kuwa ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, zama ambazo Pate, iliyokuwa imetajirika kwa biashara ya bahari, ilikuwa inaporomoka kwa fitina na vita. Kiasi cha mwaka 1813 Waamu waliwashinda Wapate na washirika wao Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, na nguvu za Pate hazikurudi tena. Utenzi wenyewe si mrefu. Beti zake hazizidi 80, kila ubeti una mishororo 4 ya mizani 10, na kina cha mshororo wa mwisho ni kimoja tangu mwanzo hadi tamati.

Jambo la kwanza la kulizingatia ni nani anayeambiwa. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, na baada ya kueleza kusudi lake, mtunzi hageuki kuwaelekea walimwengu. Hawaiti vijana, wala wanawake, wala matajiri. Anauita moyo wake. Lawama zote zinazofuata, za kughafilika, za kuipenda dunia, za kuifuata kama mwenye kiu anayeyafuata mazigazi akidhani ni maji, zinautua moyo ule mmoja. Sisi wasomaji tumeachwa nje ya mlango, tunasikiliza mtu anayegombana na nafsi yake.

Msimamo huu una asili katika elimu ya dini. Imam Ghazali, katika Ihya yake, ametenga kitabu kizima kwa nia, ikhlasi na ukweli, na mara baada yake akaweka kitabu cha kujihisabu. Na ndani ya hicho cha pili kuna mlango wa kuilaumu nafsi, ambamo mwanachuoni anaizungumzisha nafsi yake kwa ukali ambao asingethubutu kuutumia kwa jirani. Mpangilio huo una maana. Anayetaka ikhlasi huanza kwa kujua nia yake, kisha hukaa na nafsi kama mfanyabiashara akaavyo na mshirika asiyemwamini, wakapitia daftari. Al-Inkishafi ni daftari hilo likifunguliwa kwa Kiswahili cha Pate.

Hapa pana pingamizi, nalo ni zito. Mtunzi mwenyewe, katika beti za mwanzo, anatuambia kwamba anatunga koja la lulu, na kwamba anataka nuru yake iondoe kiza cha ujinga na iwe sababu ya toba kwa atakaye kutubu. Koja ni pambo. Je, mtu anayekemea mapambo ya dunia kwa utungo uliopambwa hivi, wenye vina vilivyosuguliwa na tashbihi moja juu ya nyingine, hajaingia katika riya ile ile anayoikimbia? Tukumbuke pia kuwa takhmisa ya wimbo wa Liyongo inanasibishwa na Sayyid Abdallah huyu huyu. Mtu aliyeweza kuupanua wimbo wa shujaa anayejisifu, aliijua vyema ladha ya majisifu.

Kwa maoni yangu, jibu limo katika beti za majumba ya Pate, na hapo ndipo utenzi huu unapoachana na mawaidha ya kawaida. Mtunzi anatuingiza ndani. Tunaona taa zinazong'ara hata usiku ukafanana na mchana, vitanda vilivyotandikwa, manukato, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika madaka ya ukutani. Kisha anaturudisha katika nyumba zile zile baada ya wenyewe kuingia kaburini. Sasa popo wananing'inia juu, buibui wametanda utando, bundi analia ukumbini, na katika madaka yaliyokuwa na sahani wamelala makinda ya ndege. Anayeijua nyumba ya mawe ya visiwa vyetu anajua daka ni nini kwa mwenye nyumba. Ni mahali pa kuonyeshea. Kumweka kinda la ndege mwitu mahali pale pale pa sahani ni kazi ya mtu aliyewahi kuzitazama sahani zile kwa macho ya kutamani, akajua kila kimoja kilikaa wapi.

Hili ndilo nililotaka kulisema. Ukweli wa mtunzi huyu hauko katika kuichukia dunia, bali katika kutoficha kwamba aliipenda. Mwaidhi asiye na ikhlasi husimama kama mtu ambaye hajawahi kuvutwa na kitu. Mali ni uchafu kwake, na anawashangaa wanaoitaka. Sayyid Abdallah hakujifanya. Uzuri wa beti zake ni uzuri wa vitu vyenyewe, na huzuni yake ni ya mtu aliyefiwa na mji. Hata pambo la utungo linakuwa sehemu ya kukiri: moyo unaoambiwa ni moyo upendao makoja.

Wala hakuwatenga watu wa dini. Miongoni mwa wanaoulizwa wako wapi wamo makadhi waliokuwa wakihukumu kwa haki na kuvihakiki vitabu. Na katika majina yanayotajwa limo la Ali bin Nasir, ambalo msomaji akilitazama jina la mtunzi ataliona limo ndani ya nasaba yake. Daftari halikurukwa ukurasa wa kwao.

Sisemi kwamba utenzi wote una nguvu moja. Beti za mwisho, zinazohesabu majina ya moto, zinaweza kutolewa na kutiwa katika waadhi mwingine bila ya kuacha pengo. Khofu iliyomo ni ya kweli, lakini si ya mtu huyu peke yake kama yalivyo makinda yale ya ndege. Huenda ndiyo maana watungaji wengi waliokuja baada yake wameirithi sehemu hiyo, wakaliacha daka. Na wafasiri wetu wa darasani nao huufupisha utenzi kwa kusema dhamira yake ni kuwa dunia ni mapito. Jambo ambalo hata asiyeusoma analijua.

Nitatoa mfano juu ya nafsi yangu, maana itakuwa ajabu kuusifu utenzi huu huku nikiwalaumu wengine. Katika ujana wangu niliombwa kuusoma baada ya khitma ya jirani yetu. Nilipofika katika beti za majumba niliirefusha sauti, macho yangu yakawatafuta wasikilizaji nione nani ameguswa. Nilisifiwa sana. Nilipokuwa kitandani usiku ule nilizikumbuka sifa moja moja, ndipo nikatanabahi kuwa marehemu sikumwombea dua hata moja iliyotoka moyoni. Mjane wake alikaa eda nyumba ya pili kutoka kwetu, na mimi niliyewaliza watu kwa ajili ya mumewe sikumpelekea hata ndoo ya maji. Imo katika Sahih Muslim hadithi ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyejifunza na kusoma Qur'ani ili aitwe msomaji. Ataambiwa kwamba aliitwa hivyo, basi, ameshapata alichokitaka. Na Suratul Maun imewaweka pamoja wanaosali kwa kuonyesha na wanaozuia msaada mdogo wa nyumbani, kama kwamba maradhi mawili hayo yana mzizi mmoja.

Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 naye yu mgonjwa, aliiweka dini katika mambo ya namna hiyo: ulimi, adabu, jirani, maskini. Al-Inkishafi haufiki huko; haumwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Lakini unalo jambo ambalo utungo wa wasia hauwezi kuwa nalo. Kila anayeusoma kwa sauti hulazimika kusema "moyo wangu", na neno hilo, likishatoka kinywani, haliwezi kumhusu mwingine ila msomaji. Mimi nililisema mara nyingi usiku ule wa khitma, mbele ya watu, nikadhani ni moyo wa Sayyid Abdallah.