Namba na Shaka Yake

Kibao cha kilele cha Uhuru kinasema Kilimanjaro una mita 5,895, na ndivyo tulivyokaririshwa shuleni. Namba hiyo inatokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya setilaiti, wakashuka na 5,892.55. Waliowafuata mwaka 2008 wakapata 5,891.8. Mlima haukunywea. Setilaiti hupima kimo kuanzia umbo la dunia lililokokotolewa kwa hesabu tu. Baada ya hapo mpimaji hukadiria usawa wa bahari ungepita wapi chini ya mlima ambao bahari yenyewe iko mbali nao. Penye kadirio hilo ndipo mita zinapoongezeka na kupungua.

Haya, mtu ameketi mbele ya hifadhidata ya wote, tuseme Wikidata iliyoanza mwaka 2012, anataka kujaza kimo cha mlima. Mvivu huandika namba moja akaenda zake. Fundi huziweka zote tatu, kila moja na mwaka wake na chanzo chake, pamoja na kiasi cha kuongeza au kupunguza iwapo wapimaji walikitaja. Kisha huipa mojawapo kipaumbele, na zile nyingine haziguswi. Kazi hii haina tuzo wala makofi, nami naistahi kuliko michoro yote ya rangi inayochotwa humo.

Tena ni kazi ya hila, maana shaka nayo hughushiwa. Miaka ya mwanzo, mtu asipotaja kiwango cha shaka, Wikidata ilijiongezea ±1 yenyewe. Idadi ya watu wa mji mzima ikaonekana ina shaka ya mtu mmoja, jambo ambalo karani yeyote wa sensa angelicheka. Baadaye ikaruhusiwa kupaacha wazi: shaka isiyojulikana si sawa na shaka ya sifuri. Kugeuza vipimo nako kuna mtego. Mita 5,895 kwenye kikokotoo hutoa futi 19,340.55, na hizo desimali mbili hakuna aliyepanda nazo mlimani. Fundi huandika 19,341 akanyamaza.

Ila panaponigusa zaidi ni kwenye tarehe. Wazee wetu wengi walizaliwa kabla vyeti havijafika kijijini; fomu inadai siku na mwezi, karani anajaza 1 Januari. Wakimbizi wengi nao wamepewa siku hiyohiyo. Wikidata huambatanisha kila tarehe na alama ya usahihi: 11 kwa siku, 10 kwa mwezi, 9 kwa mwaka peke yake. Anayejua mwaka tu huweka 9, basi. Ikikosekana alama hiyo, atakayeisoma rekodi baadaye hana njia ya kumtofautisha mzee aliyekadiriwa na mtoto aliyezaliwa kweli usiku wa mwaka mpya.